Sitoshona Tena Hirizi Kwenye Pindo la Bi Harusi



Leo sikuja na mishono mipya wala rangi za msimu. Nina jambo limenikaa rohoni tangu mwezi wa Mlisho, na nimeona nilitoe hapa kwa sababu najua wengi wetu linatuhusu, ila hatulisemi.

Mlisho kwetu sisi mafundi ni mwezi wa kukesha. Kila mtu anataka kuoza kabla Ramadhani haijaingia. Siku hiyo alikuja bi harusi na mama yake, wamekuja kujaribu gauni mara ya mwisho. Lilimkaa vizuri, mashallah. Tukakubaliana nipunguze kiuno kidogo na nikunje pindo. Mtoto alipoingia nyuma ya pazia kuvua, mama akanisogelea, akafungua pochi, akatoa kitu kidogo kimezungushiwa kitambaa cheusi na kushonwa kwa uzi mwekundu. Akaninong'oneza: "Mwanangu, nishonee hichi ndani ya pindo. Asijue mtu, hata yeye mwenyewe."

Nilikishika kidogo, nikamrudishia. Nikamwambia, "Mama, niwie radhi, kazi hii siifanyi tena."

Alichukia sana. Aliniambia mafundi wako wengi mjini, na kwamba mimi nimelipwa nishone, sikulipwa nimfunze dini. Akamshika mwanawe mkono wakaondoka, gauni limebaki linaning'inia na baki ya pesa hajalipa. Nilikaa kwenye kiti miguu inatetemeka, maana si kawaida yangu kumkatalia mtu mzima.

Lakini nililikusudia lile neno "tena", na leo nataka kulieleza.

Nilizishona mwenyewe

Nimesema "tena" kwa sababu nimeshawahi kuifanya kazi hiyo, na si mara moja. Nimeshona hirizi ndani ya bitana, nimeshona kwenye mkanda wa kiunoni, nimeshona kwenye shingo ya kanzu ya bwana harusi baada ya dada zake kuniletea. Nilikuwa najiambia mimi ni fundi tu, mteja akitaka vifungo naweka vifungo, akitaka hirizi naweka hirizi. Na niwe mkweli kwenu, nilikuwa naziamini. Kwa hiyo ninayoyasema leo siyasemi kwa kumcheka mtu. Nayasema kwa sababu nimetoka huko huko.

Mwaka 2020 mwezi wa Machi nilikuwa nimechukua majora ya lesi na satini kwa mkopo kutoka Dar es Salaam. Mlisho wa mwaka ule ulikuwa umenijaa. Nilikuwa na mabibi harusi tisa, wote wameshatoa advansi, na advansi zao sehemu kubwa nimeshanunulia shanga na mawe. Kisha korona ikaingia. Ndege za watalii zikaacha kuja, hoteli zikafunga, na mnajua hapa kwetu vijana wangapi wanaoa kwa mshahara wa hoteli. Mikusanyiko ikazuiwa. Harusi ya kwanza ikaahirishwa, ya pili, ya tatu, mpaka daftari langu likabaki na jina moja. Wazazi wakaanza kudai pesa zao, na walikuwa na haki, na wao wamebanwa. Mwenye vitambaa akawa ananipigia kila asubuhi. Ikafika hadi nikisikia simu inalia, tumbo linanikata.

Mtu akiwa katika hali hiyo hutafuta wa kumlaumu. Mtaani kwetu kulikuwa na fundi mwengine ambaye bado watu walikuwa wanaingia kwake. Shoga yangu mmoja akaniambia, "Wewe umefungwa. Nenda ukaangaliwe." Na nikwambieni kitu ambacho nimekuja kukifahamu baadaye: niliposikia hivyo nilifurahi. Nilifurahi kwa sababu kama nimefungwa na mtu, basi si mimi niliyechukua mkopo mkubwa kuliko uwezo wangu. Si mimi niliyetumia advansi kabla ya kazi. Ni hasidi tu.

Nikaenda. Nikatoa shilingi 150,000, na pesa ile haikuwa yangu, ilikuwa ni mabaki ya advansi ya mtoto wa watu. Nikarudi na hirizi, nikaambiwa niifunge chini ya meza ya cherehani yangu na nisimwambie mtu.

Je, nilipata amani? Wallahi sikuipata hata siku moja. Kabla ya hapo nilikuwa namwogopa mwenye deni tu. Baada ya hapo nikaanza kuogopa kizingiti cha mlango, nikaogopa mchanga uliomwagika nje ya duka, nikamwogopa kila anayekuja kuniamkia. Kila asubuhi nainama kuangalia kama hirizi ipo. Nilikuwa nalinda kitu ambacho nimeambiwa kinanilinda mimi.

Dada wa cherehani ya pili

Dukani kwangu kuna cherehani mbili. Ya pili hukaa dada mmoja Mkristo, Mkatoliki, ametoka bara. Jina lake nalihifadhi. Huyu dada mumewe alikuwa kwenye meli iliyotoka Dar es Salaam ikazama karibu na Chumbe, mwezi wa Julai 2012. Sisi tunaikumbuka kwa sababu ilikuwa siku chache tu kabla ya Ramadhani. Mume hakuonekana mpaka leo. Aliachwa na watoto wawili, mdogo bado ananyonya, kwenye kisiwa ambacho hana mjomba wala shangazi.

Jumapili asubuhi huenda kusali pale Minara Miwili, Shangani, kisha mchana anakuja kazini kama kuna kazi ya haraka. Rozari yake huiweka kwenye mkoba pamoja na mkasi. Hajawahi kunihubiria na mimi sijawahi kumhubiria. Ikiadhiniwa mimi nasimama kusali, yeye anapunguza redio na kupokea wateja.

Siku moja alikuwa anaitia mafuta cherehani yangu. Akapiga magoti kufuta chini ya meza, akaiona. Aliifungua ile kamba polepole, akaiweka juu ya meza mbele yangu kama mtu anayekuwekea ufunguo ulioudondosha. Hakucheka wala hakukunja uso. Alikaa kimya kidogo, akasema:

"Dada, nikuulize kitu, usinikasirikie. Huyo Mungu unayemkatizia kazi kila ikiadhiniwa, hii shida hujamwambia?"

Nilikasirika. Niliona, nani huyu wa kuniuliza mimi Muislamu, mtoto wa chuoni, kuhusu Mungu? Nilimwambia afanye kazi yake. Lakini usiku ule sikulala, kwa sababu jibu la kweli lilikuwa: hapana, sijamwambia. Nilikuwa nasali sala tano, naomba dua zile zile nilizokariri tangu utotoni, nainuka. Deni nimelipeleka kwa mganga. Mungu nimempa rakaa tu, khofu yangu nimempa mtu mwengine.

Siku iliyofuata nilimuuliza yeye aliwezaje, baada ya ile meli. Akaniambia alilia mpaka watu walidhani ataumwa. Aliniambia kuwa na amani haina maana kwamba hukulia, amani ni kujua unamlilia nani. Akanieleza maneno ya Yesu yaliyomo kwenye Injili ya Mathayo, anapowaambia wafuasi wake wasijitie mashaka juu ya chakula na mavazi. Aliwaonyesha ndege wa angani, akawaonyesha na maua ya kondeni ambayo hayasokoti uzi, lakini Mungu ameyavika kuliko alivyovaa mfalme Suleiman. Dada akacheka, akasema, "Mimi fundi, niliposikia habari ya nguo nikajua nasemeshwa mimi."

Nikamwambia na sisi tunao ndege. Mtume wetu, swalla Allahu alayhi wasallam, alitufundisha kwamba lau tungemtegemea Mwenyezi Mungu ukweli wa kumtegemea, angeturuzuku kama anavyowaruzuku ndege, wanaotoka asubuhi na matumbo matupu na kurudi jioni wameshiba. Akafikiri kidogo akasema, "Kumbe wako wanatoka kwenye kiota." Nikamwambia ndiyo, wanatoka.

Hapo ndipo tulipoanza kazi.

Kutawakali si kukaa

Usiku ule nilisali Isha nikabaki kwenye mswala. Nilimwambia Mwenyezi Mungu kwa Kiswahili changu cha kawaida, pesa ngapi nadaiwa, na nani, na wapi nimekosea. Nilimwambia kuhusu ile 150,000. Sikuota ndoto, sikuona miujiza, na asubuhi deni lilikuwa lile lile. Ila nililala. Ilikuwa mara ya kwanza kulala mpaka alfajiri tangu harusi zianze kuahirishwa.

Ile hirizi niliifungua. Ndani mlikuwa na karatasi ina miraba na tarakimu na herufi zilizochanganywa, hata neno moja la kusomeka sikuliona. Nikaichoma uani huku nasoma Ayatul Kursiy.

Kisha nikashika simu. Nilimpigia kila mzazi wa bi harusi, mmoja mmoja, nikawaambia ukweli kwamba pesa nimenunulia vifaa, sikukimbia, na nitalipa kidogo kidogo. Wawili walinitukana. Sita walinielewa. Mmoja alisema nimwekee tu, harusi itakuwepo siku moja. Nikampigia mwenye vitambaa, nikamrudishia majora mawili ambayo sijayakata. Tukaanza kushona barakoa kwa mabaki ya vitenge, tukapokea kazi za viraka, sare za skuli, mapazia, kazi ambazo zamani nilikuwa naziona zimenishuka. Cherehani ya kudarizi nikaiuza. Iliniuma na mpaka leo sijanunua nyengine. Lakini mwaka uliofuata, kabla Ramadhani haijaingia, nilimlipa mtu wa mwisho.

Kila nikisoma Surat Maryam nakumbuka miezi ile. Bibi Maryam ameshikwa na uchungu peke yake, hana mkunga wala mama, mpaka anatamani angekuwa amekufa kabla ya siku ile. Mwenyezi Mungu hakumkemea kwa kutamani hivyo. Alimfariji, akampa maji chini yake, na akamwambia alitikise shina la mtende tende zimwangukie. Nyinyi mliozaa mnajua. Mwanamke wa hali ile ana nguvu gani za kutikisa mtende? Mungu angeweza kuziangusha mwenyewe. Lakini alimtaka aweke mkono. Matunda ni ya Mungu, mkono ni wako. Hiyo ndiyo tawakkul ninayoifahamu mimi. Na Bibi Maryam yule yule ndiye anayempenda dada wa cherehani ya pili. Tofauti zetu juu ya mwanawe, Nabii Isa, alayhi salaam, tunazijua sote wawili na hakuna aliyejaribu kuzificha.

Najua mtakayoniambia

Wa kwanza ataniambia, "Husuda ipo, imo ndani ya Qur'ani." Naam, ipo. Siikatai. Tumefundishwa kujikinga nayo katika Surat Al-Falaq. Lakini tumefundishwa pia namna ya kujikinga. Bibi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, ametueleza kwamba Mtume alipokwenda kulala alikuwa akisoma Ikhlas, Falaq na Nas, akipuliza kwenye viganja na kujipangusa mwili. Dakika mbili tu, hazihitaji kuku wala kumficha mwenye mwili. Bi harusi anazijua tangu chuoni. Kwa nini tumpe kitu asichokijua, ilhali alichonacho tayari ni bora zaidi?

Wa pili ataniambia, "Hirizi ya aya za Qur'ani si sawa na ya mganga." Mimi si mwanachuoni. Najua wanavyuoni wamekhitilafiana kuhusu ile yenye aya tupu, na najua Mtume ametuonya vikali juu ya kujitundikia mahirizi. Muulize sheikh unayemwamini. Lakini kwanza jiulize mwenyewe: hiyo uliyoletewa umeifungua ukaona ndani mna nini? Mimi nimeshona nyingi, na sikumuona mzazi hata mmoja aliyejua.

Wa tatu, na huyu ndiye atakayekuwa mkali, ataniambia, "Umefunzwa dini na Mkristo." Hapana. Sikubadilisha hata herufi moja ya imani yangu. Alichonikumbusha kilikuwa kimo ndani ya kitabu changu, nilikuwa nimekifunika tu. Na si vibaya tukumbuke historia yetu wenyewe. Waislamu wa mwanzo walipoteswa Makka, Mtume aliwaambia wahamie Habasha, kwa mfalme Mkristo ambaye hakuna anayedhulumiwa kwake. Katika waliohama alikuwemo Bibi Ruqayya, binti wa Mtume mwenyewe, pamoja na mumewe Uthman. Alikuwemo Bibi Umm Salama pia. Na Jaafar bin Abi Talib alipotakiwa asome mbele ya Najashi alisoma Surat Maryam, mfalme akalia mpaka ndevu zikarowa. Wanawake wale walikaa salama kwenye nchi ya mfalme Mkristo na wakabaki Waislamu. Basi mimi kuulizwa swali moja zuri na Mkristo hakujanitoa kwenye dini. Kumenirudisha.

Hirizi mahala pa swali

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo hasa ndilo limenifanya niandike.

Kwa miaka yote niliyoshona vitu vile, nimejifunza kuwa nyuma ya kila hirizi kuna swali ambalo familia imeogopa kuliuliza. Mama anashona kinga kwa sababu amesikia bwana harusi ana mwanamke mwengine, na hataki kumuuliza posa isije ikavunjika. Khaloo anashona kwa sababu bwana harusi alishawahi kuoa na mke akarudi kwao, na hakuna aliyekwenda kuulizia kwa nini. Bi harusi mwenyewe anavaa kwa sababu hajui kama ataruhusiwa kuendelea na kazi, au atakaa na wakwe, au mume anasali. Maswali yote haya yana majibu. Majibu yake hayapo kwa mganga, yapo kwa watu.

Dini yetu imetupa njia, jamani. Kuna kuulizia, nenda msikitini kwake, kazini kwake, mtaani kwao. Kuna kupima afya nyote wawili kabla ya kuozwa, hiyo si aibu. Kuna mwanamke kuweka masharti yake kwenye ndoa, kwamba nitasoma, nitafanya kazi, nitakaa mahali fulani, na yakaandikwa mbele ya mashahidi. Kuna mahari ambayo ni haki yako wewe, si ya mjomba. Kuna rakaa mbili za istikhara. Na mambo yakiharibika, Unguja na Pemba ziko mahakama za kadhi. Ukishafanya yote hayo, kilichobaki hukijui na huwezi kukijua, na hicho ndicho cha kumwachia Mwenyezi Mungu. Ametuahidi katika Surat At-Talaq kwamba anayemtegemea Yeye, basi Yeye anamtosha. Angalieni ahadi hiyo imewekwa kwenye sura gani. Imewekwa kwenye sura ya talaka, pale pale mwanamke anapokuwa na khofu kubwa kuliko zote.

Na hapa nataka nisieleweke vibaya. Nikisema mtegemee Mungu, simaanishi ukae na mume anayekupiga ukisubiri abadilike, wala usione deni linapanda ukasema Mungu yupo. Maneno "subiri" na "mwachie Mungu" tumeyageuza kuwa kizibo cha mdomo wa mwanamke. Yule dada wa cherehani ya pili alimwachia Mungu mume aliyekwenda na maji, kwa sababu hilo halikuwa mikononi mwake. Ada za skuli za watoto wake hakuziacha, alizishonea. Tujue tofauti ya hivyo viwili.

Gauni lile

Mtataka kujua yule mama aliishia wapi. Alirudi usiku wa pili yake, baada ya Isha, peke yake. Nilikuwa napiga pasi shela. Nikamwamkia, nikampa kiti, nikampa maji. Alikaa muda mrefu hasemi. Kisha akaniambia kwamba binti yake mkubwa aliolewa akarejeshwa nyumbani baada ya miezi saba, na tangu siku ile yeye hana usingizi. Alisema, "Nikiona huyu mdogo kavaa jeupe, namuona yule mkubwa anashuka na sanduku lake." Akalia. Na mimi nikalia.

Nilimuuliza kama wamewahi kumuuliza binti mkubwa kilichotokea. Akasema hapana, waliona watamuumiza. Nilimuuliza kama wameulizia habari za bwana harusi huyu. Akasema kaka yake ndiye aliyemleta, waliona haya. Nikamwambia, mama, harusi bado siku tisa, tisa si chache.

Alikwenda. Waliulizia. Binti mkubwa alisema ambayo hakuwahi kuyasema, na yakamsaidia mdogo wake kujua la kuuliza. Mambo mawili yakaandikwa kwenye ndoa. Bwana harusi hakukimbia, aliyakubali. Mama amenipa ruhusa niyaeleze haya bila ya kutaja jina, akasema labda yatamfaa mama mwengine.

Sijui ndoa ile itakuwaje. Hakuna anayejua, na mimi siwezi kuwaambieni kwamba kwa kuwa hakuvaa hirizi basi hatopata mtihani. Mtihani unakuja kwa kila mtu. Ninachojua ni kwamba mtoto yule aliingia kwake akijua anachokiingia, na mama yake usiku wa harusi alikula na akalala.

Pindo nililikunja mwenyewe. Mwanzo wa mshono nilisema Bismillahi, mwisho nikasema Alhamdulillahi, na ndani yake sikuweka kitu. Dada wa cherehani ya pili akalipiga pasi.

Mabibi harusi wetu, Mwenyezi Mungu azijaalie ndoa zenu utulivu, mapenzi na huruma. Na wewe mama uliyenacho kwenye pochi, njoo tukae tuzungumze kwanza. Maji yapo na kiti kipo.

Tuombeane dua. Wabillahi tawfiq.